Banda la kuku la uani Tanga: ukarabati unaenda na upepo

Kuku wetu wa uani hapa Tanga hawauliwi na baridi, wanauliwa na unyevu na hewa nzito ya bandani. Nalisema hili mapema kabisa manake kila masika naona kitu kilekile, mvua ya kwanza ikipiga mtu anakimbilia turubai, anazungushia banda pande zote nne kama anafunga mzigo wa kupeleka Pangani, alafu baada ya wiki mbili anaanza kuulizia dawa ya mafua, kuku wanakoroma, macho yamevimba, vifaranga wanaharisha damu. Dawa atapewa na hela itamtoka, ila wale kuku walianza kuumwa siku ile alipofunga hewa huku sakafu imelowa. Kwa hiyo humu nitarudia sana vitu viwili, sakafu iwe kavu na hewa ipite, na kazi yote ya nyundo na misumari inafuata hapo.

Kalenda ya pwani mnaijua lakini tuiweke sawa ili tuelewane kwenye kazi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, jua kali, shida ni joto. Masika ni Machi mpaka Mei, na sisi Aprili na Mei ndo mvua inashuka haswa. Kusi inakamata kuanzia Juni, usiku unapoa, mvua zinakuja za kupita. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Matengenezo makubwa, yaani kubadili nguzo, kuinua sakafu, kupaka chokaa, yafanye Julai mpaka Septemba wakati mbao zinakauka vizuri. Ukaguzi wa pili ufanye Februari kabla masika haijafika. Ukisubiri mwezi wa nne fundi hapatikani, bati linateleza na hata msumari ukiupiga mbao imelowa haushiki.

Hatua ya kwanza: paa, na likague ukiwa ndani

Watu wengi wanapanda juu kutafuta tundu, juu huwezi kuliona. Ingia bandani saa sita mchana, toa kuku nje, funga mlango, tulia kidogo macho yazoee giza alafu tazama juu. Kila tundu litakuonyesha nukta ya mwanga, hata lile la msumari uliolegea. Chukua mkaa au chaki uzungushie duara kwa ndani, alafu mtu mwingine awe nje unagonga kwa fimbo naye anaweka alama kwa juu. Ukimaliza mwagia maji ndoo mbili tatu ukiwa umesimama ndani, uone yanapopita, manake maji yanaweza kuingilia tundu moja yakatembea na papi yakadondokea pengine kabisa.

Kitu cha pili uangalie kutu ya upande wa chini wa bati. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Sahare, Raskazone, Mwambani huko, chumvi inatua kwenye bati pande zote mbili, upande wa juu mvua inauosha ila wa chini hauoshwi na kitu, alafu kwenye banda la kuku kuna mvuke wa kinyesi unapanda kutoka chini, kwa hiyo unakuta bati kwa juu linang'aa na kwa chini limeshakuwa jekundu linamenyuka. Likwaruze kwa brashi ya waya, lifute na maji ya kawaida yasiyo ya chumvi, likauke, paka rangi ya redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, mikono miwili. Ukilipata mapema hivyo utakaa nalo miaka, ukilipata likiwa limeshatoboka toa.

Msumari uliolegea usiugonge tena kwenye tundu lilelile, lile tundu limeshapanuka. Ung'oe kwa plaizi, piga msumari mpya kwenye mgongo wa jirani, na ni mgongo wa bati sio bonde, kwa sababu bondeni ndo maji yanapita na hapo lazima patavuja. Mpira wa chini ya kofia kama umekauka kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukubwa wa shilingi mia hivi, toboa katikati ukivalishe kwenye msumari kabla hujaupiga. Tanga ni mji wa baiskeli, tyubu chakavu utapewa bure kwa fundi yeyote. Lile tundu la zamani lizibe na silikoni au lami.

Tundu kubwa usiweke kiraka kwa juu tu ukagonga misumari kuzunguka, hicho kitavuja kwa upande wa juu kila siku. Kata kipande cha bati kilichozidi tundu kama sentimita 15 kila upande, legeza msumari wa bati la juu yake, ingiza kichwa cha kiraka chini ya lile bati la juu ili maji yakishuka yapite juu ya kiraka yaendelee. Na mabati yanapolaliana kwa ubavu mdomo wa maungio uangalie upande ambao upepo unakimbilia, usiangalie unakotokea, la sivyo mvua ya upepo inasukumwa ndani hata kama bati ni jipya la jana.

Mwisho kwenye paa ni upenu. Mabanda mengi ya huku upenu wake ni mfupi, nusu futi au hata hamna. Mvua ya pwani inakuja imelala na upepo, upenu wa futi 2 mpaka 3 ndo unaokinga ukuta wa wavu. Kuongeza sio kazi kubwa, unarefusha kenchi kwa kupigilia mbao ya pembeni, unaweka papi moja na bati fupi. Lakini upenu mrefu upepo unaubeba, kwa hiyo kila kenchi ifunge na waya mnene kwenye nguzo, msumari peke yake haushiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya nchi yetu wengi tulijifunza kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, tangazo la upepo mkali likitoka nenda kazungushe kamba juu ya paa uifunge kwenye vigingi viwili vitatu ulivyopigilia ardhini.

Hatua ya pili: maji ya chini

Ua za Ngamiani kwenye zile barabara za namba ni ndogo na nyumba zimebanana, bati la jirani linamwaga kwako na la kwako linamwaga kwa jirani mwingine. Kabla hujagusa sakafu ya banda simama uani mvua ikinyesha uone maji yanatoka wapi yanaelekea wapi. Dakika kumi za kulowa zitakuokolea mifuko ya simenti. Kama ni bati la jirani nenda kaongee naye vizuri, wekeni mfereji wa bati kwa kuchangiana, manake wewe ukijenga tuta tu maji yatarudi kwake na mtagombana bure.

Alafu chimba mtaro kuzunguka banda, upana wa jembe, kina kama nusu futi, uelekee chini mpaka bustanini au barabarani penye mfereji. Usiuelekeze kisimani. Uchafu wa mtaro utoe kila baada ya mvua kubwa, majani ya mwembe peke yake yanaweza kuuziba wote.

Sakafu iwe juu ya uwanja kwa inchi 6 mpaka futi nzima. Kama ni ya udongo toa tabaka la juu lote lililoloa kinyesi, jaza kifusi au kokoto, shindilia, juu yake molamu au udongo mgumu, shindilia tena ukiwa unanyunyizia maji kidogo. Ukiwa na uwezo piga zege jembamba lenye mteremko kuelekea mlangoni ili ukiosha maji yatoke. Mchanga wa bahari usiuweke, una chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata siku kavu, utashangaa sakafu inalowa wakati mvua hamna.

Hatua ya tatu: nguzo

Chukua kisu, chomeka kwenye nguzo pale pale inapoingia ardhini, ndo panapooza kwanza. Kikizama bila kulazimisha nguzo imekwisha hata kama juu ni nzima. Angalia pia zile njia za udongo za mchwa zinazopanda, zikwangue, ukirudi siku mbili baadae zimejengwa upya ujue wamo ndani.

Huna haja ya kubomoa banda. Weka mhimili wa muda kila upande wa nguzo uinue paa kidogo, kata nguzo juu ya sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye mti mzima, chimba tundu, weka ndoo iliyotoboka kitako iwe kama kalibu, mimina zege, chomeka vipande viwili vya chuma bapa vitokeze juu kama futi moja. Likikauka nguzo inakaa juu ya zege na vile vyuma unavipigilia pande zote mbili. Mti haugusi tena udongo, mchwa hapandi kwa siri, lazima ajenge njia yake juu ya zege na wewe utaiona.

Miti ya mkonge, ile mirefu ya maua, ni myepesi na rahisi kupatikana huku kwetu, itumie kwa fito za juu na vichanja vya muda, usiichimbie chini haidumu. Boriti za mikoko ni ngumu kweli lakini kukata bila kibali ni kosa, na ile mikoko inatukinga sisi wenyewe na bahari, tafuta mirunda. Kamba ya katani ikikaa kwenye mvua inaoza, ya nje tumia waya au kamba ya nailoni.

Hatua ya nne: wavu na milango

Wavu wa kuku wa macho makubwa unamzuia kuku asitoke, haumzuii anayetaka kuingia. Nyoka na panya wanapita, kicheche na mbwa wanaupasua. Futi 2 au 3 za chini weka wavu mgumu wa macho ya nusu inchi, juu huko endelea na wa kawaida. Na ule wa chini usiishie usawa wa ardhi, ushushe futi moja ndani au uulaze kwa nje ukiuelekeza mbali na banda alafu uufukie, mnyama anachimba pale ukuta unapogusana na ardhi, akikuta wavu anahangaika kidogo anaondoka. Nguchiro anakuja mchana, kicheche na paka shume usiku, kenge anafuata mayai, kwa hiyo usiseme mchana hakuna haja ya kufunga.

Juu ya uwanja wa vifaranga tandaza nyavu chakavu za uvuvi, waulize wavuvi wa Sahare au Deep Sea, kunguru na mwewe hawatashuka. Ila usizitumie kwenye kuta, panya wanazitafuna na jua linazikausha zinakatika.

Mlango ni bawaba na komeo. Bawaba za chuma cha kawaida zinakula kutu haraka huku baharini, zipake grisi au badala yake kata bawaba za mpira mnene wa tairi, mpira wa tairi unapigiliwa misumari na unakaa muda mrefu tu.

Hatua ya tano: pazia la masika

Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Pazia liwe upande mmoja au miwili ule mvua inakotokea, na lisizibe mpaka juu. Shona viroba vya sandarusi kwa shazia mpaka upate urefu wa ukuta, upande wa chini ulipigilie kwenye ubao wa chini ya wavu, upande wa juu utie fito na kamba mbili zinazopita kwenye papi. Ukivuta kamba pazia linapanda kutoka chini kwenda juu, na unaliachia futi moja mpaka moja na nusu ya juu ibaki wazi. Hivyo kuku waliolala hawapigwi na mvua wala upepo wa moja kwa moja, na hewa chafu ambayo ni ya moto inatokea juu. Pazia linaloning'inia kutoka juu kwenda chini linafanya kinyume, linafungia hewa chafu ndani na kuacha upepo wa baridi uwapige miguuni. Asubuhi mvua ikikatika lishushe mara moja, usingoje jioni.

Kujua kama hewa inatosha, ingia asubuhi mapema kabla hujafungua mlango kwa muda mrefu, chuchumaa kichwa chako kiwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Ukiwa umesimama utasema hamna harufu, ukichuchumaa macho yanawasha. Yakiwasha basi kuku wanaishi humo usiku kucha na mapafu yao madogo yale.

Hatua ya sita: maranda

Tandaza maranda au pumba za mpunga inchi 3 mpaka 4. Maranda chukua kwa maseremala, uliza kama mbao zilikuwa na dawa, zenye dawa acha. Kila baada ya siku mbili tatu geuza kwa reki, na mara moja kwa wiki chota ngumi moja, finya. Ukifungua mkono yakibaki donge yamelowa, toa sehemu hiyo uweke makavu. Yakiachana taratibu yako sawa. Yakiwa vumbi tupu yanawaletea kuku kikohozi, nyunyiza maji kidogo. Chini ya vyombo vya maji ndo panalowa kila siku, inua chombo juu ya matofali mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, na chini yake weka trei ya kokoto. Vimelea vya kuhara damu vinahitaji joto na unyevu ndo viive, na sisi joto lipo mwaka mzima, kilichobaki mkononi mwetu ni huo unyevu.

Msongamano nao unalowesha sakafu. Kuku wa kienyeji wakubwa watano mpaka saba kwa mita moja ya mraba, wakizidi hakuna maranda yatakayokauka.

Hatua ya saba: chokaa na utitiri

Usiku kuku wakishalala chukua tochi ya simu na kitambaa cheupe, pitisha kitambaa chini ya kichanja na kwenye maungio ya mbao. Ukikuta michirizi myekundu ni damu, ni utitiri, mchana wanajificha kwenye nyufa usiku wanatoka kunyonya. Kuku anayepungua kutaga na kilemba kimepauka bila sababu, mkague kwanza huko.

Toa kuku wote, toa vichanja na viota nje, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa zote, anika juani. Kwenye nyufa za ukuta piga mafuta ya taa kwa brashi, acha mpaka harufu iishe. Alafu chokaa. Tanga mawe ya chokaa tunayo, Amboni na Maweni huko, chokaa haitushindi. Koroga iliyokwisha kuzimwa na maji iwe kama uji mwepesi, tia chumvi viganja viwili kwa ndoo ili ishike ukutani, paka kwa brashi ya katani mikono miwili ukisukumia ndani ya nyufa. Vaa miwani, chokaa ikiingia jichoni ni hatari kweli, watoto wakae mbali. Kuku warudi ikishakauka kabisa, siku mbili hivi. Viota baada ya hapo weka majani makavu na majani ya mwarobaini, na pembeni sanduku la majivu na mchanga mkavu waogee wenyewe.

Kaskazi ikishika

Kuku hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema. Ukiona wameachanisha mabawa na midomo wazi joto limeshawazidi. Fungua pazia zote, ongeza vyombo vya maji kivulini, maji ya asubuhi yakipata moto badilisha mchana, chakula wape alfajiri na jioni. Paka bati chokaa nyeupe kwa juu. Unaweza kutandika makuti juu ya bati lakini weka fito katikati ili pawe na nafasi, na ikifika mwisho wa Februari yatoe, yakilowa na masika yanaozesha bati na panya wanahamia. Kivuli cha mwarobaini ni kizuri, ila chini ya mnazi usijenge, nazi kavu inatoboa bati.

Kusi

Kuku wakubwa hawana shida na usiku wa Julai, wazibie tu upepo wa moja kwa moja. Wanaohitaji joto ni vifaranga wa wiki tatu nne za mwanzo. Ukitumia jiko la mkaa liwashie nje mpaka moshi uishe, mkaa ufunike na majivu, na juu ya chumba chao paachwe wazi, jiko kwenye chumba kilichofungwa linaua vifaranga wote kwa hewa yake usiku mmoja.

Vuli

Mvua za vuli zinaleta mbu, na mbu ndo wanaoeneza ndui ya kuku, vile vipele vya kwenye kilemba na machoni. Mwaga maji kwenye makopo, matairi, vifuu, fukia madimbwi ya uani. Chanjo ya ndui inachomwa kwenye ngozi ya bawa, ifanye Septemba kabla mbu hawajajaa, na ya kideri ya tone la jicho iendelee kila miezi mitatu kama kawaida. Ya ndui usiishie kuchoma tu, siku ya 7 mpaka ya 10 kamata kuku wachache, geuza bawa utazame pale sindano ilipopita, pawe pamevimba kidogo au pana kigaga. Usipoona kitu kwa wengi wao chanjo haikushika, mwite tena mtaalamu wa mifugo arudie mapema.